Kachumbari Kwanza, Kuku Baadaye: Kibao cha Kukatia na Usalama wa Chakula

Kuku mbichi akishakatwakatwa huingia kwenye sufuria, na moto huua vimelea alivyokuja navyo kutoka bandani au sokoni. Kibao hakiingii motoni. Kinabaki pembeni ya sinki kikiwa kimelowa majimaji, na dakika chache baadaye juu yake zinakatwa nyanya, vitunguu na pilipili za kachumbari, vitu ambavyo vitaliwa vibichi. Watu wanapozungumzia usafi wa kibao huanza na maswali mengine kabisa: kiwe cha mbao au cha plastiki, kisuguliwe kwa ndimu au kimwagiwe dawa ya klorini, kitupwe baada ya muda gani. Ni maswali ya haki na kila moja lina jibu. Hata hivyo, ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 30 unaelekea upande mmoja: linaloamua zaidi ni mpangilio wa kazi, yaani kipi kinakatwa kwanza, kibao kinaoshwa wakati gani na kikishaoshwa kinakaa wapi. Dawa inafuata nyuma ya hayo, na aina ya ubao iko nyuma zaidi.

Jambo lenyewe si dogo. Katika makadirio yake ya mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema chakula kilichochafuka huwafanya watu milioni 600 duniani waugue kila mwaka na kuua watu 420,000, na kati ya hao wanaokufa 125,000 ni watoto wa chini ya miaka 5. Kwa kanda ya Afrika peke yake makadirio yalikuwa wagonjwa milioni 91 na vifo 137,000 kwa mwaka. Si wote walioponzwa na kibao. Wapo waliokunywa maji machafu, wapo waliokula kiporo kilicholala nje, wapo waliouziwa nyama isiyokaguliwa. Lakini hakuna chombo kingine jikoni kinachokutanisha chakula kibichi na chakula kilicho tayari kuliwa mara nyingi kama kibao na kisu chake, na ndiyo maana kanuni za WHO za chakula salama zimeliweka suala la kutenganisha vibichi na vilivyoiva kuwa kanuni inayojitegemea, sambamba na ile ya usafi.

Vimelea vya nyama mbichi havifanani tabia, na tofauti zao ndizo zinazoonyesha nguvu iwekwe wapi. Chukua kampilobakta, bakteria anayepatikana sana kwenye kuku. Nje ya mwili wa mnyama ni dhaifu: kwenye ubao unaopigwa na hewa hazaliani, na ubao ukikauka hufa upesi. Hatari yake ni kwamba wachache tu wanatosha. Mwaka 1981 jarida la British Medical Journal lilichapisha taarifa ya mtafiti aliyejitolea kunywa maziwa yaliyotiwa bakteria hawa wapatao 500, naye akaugua. Idadi kama hiyo inaweza kubebwa na tone moja la majimaji ya kuku. Salmonela ana mwenendo mwingine. Kwa kawaida huhitajika wengi zaidi ili kumwangusha mtu mzima mwenye afya, lakini huyu huzaliana. Penye unyevu, mabaki ya chakula na joto la usiku wa Dar es Salaam au Mombasa, anaweza kuongezeka maradufu kila baada ya nusu saa hivi. Ukipiga hesabu hiyo, baada ya saa 5 bakteria mmoja amekuwa zaidi ya 1,000. Kibao kilichosuuzwa juujuu saa tatu usiku na kulazwa chali kikiwa kimelowa kina saa 9 za kuotesha kilichobaki kabla ya kukatiwa papai la kifungua kinywa.

Kwa hiyo njia za maradhi ni mbili. Ya kwanza ni ya dakika chache: kutoka kwenye kuku kwenda kwenye kibao, kisu au mkono, na kutoka hapo kwenda kwenye kachumbari. Ya pili ni ya usiku kucha: mabaki madogo yanazaa mengi kwa sababu ubao haukukauka. Njia ya kwanza inazibwa kwa mpangilio wa kazi na kuosha. Ya pili inazibwa kwa kukausha. Hakuna hata mojawapo inayozibwa kwa kununua ubao wa bei kubwa, na hapo ndipo mjadala wa mbao na plastiki unapohitaji kurudishwa kwenye ukubwa wake halisi.

Mjadala huo ulikomaa Marekani. Kwa miaka mingi washauri wa usalama wa chakula huko waliwaambia watu waachane na mbao. Hoja yao ilionekana haina mpinzani: mbao ina vinyweleo na inafyonza, plastiki haifyonzi, basi plastiki ni safi zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Dean Cliver na mwenzake Nese Ak wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walianza kazi wakitafuta njia ya kuvisafisha vibao vya mbao ili vifikie usalama uliodhaniwa kuwa wa plastiki. Walipaka salmonela, listeria na E. koli kwenye vibao vya miti ya aina mbalimbali na vya plastiki za aina kadhaa. Matokeo waliyochapisha mwaka 1994 yaliwapeleka wasikotarajia. Kwenye mbao, bakteria walitoweka juu ya uso wa ubao baada ya muda mfupi. Kwenye plastiki mpya walitoka kwa urahisi kwa kuoshwa, lakini kwenye plastiki iliyojaa makovu ya kisu, na hasa yenye mafuta ya kuku, kuwaondoa kwa mkono kulishindikana.

Yapo mambo mawili ambayo wapenzi wa mbao huyaruka wanaposimulia habari hii. Bakteria wa kwenye mbao hawakuwa wameuawa papo hapo. Walinyonywa ndani pamoja na majimaji. Cliver mwenyewe alieleza kwamba ukiupasua ubao au kuuchimba unaweza kuwakuta wangali hai kwa muda, ingawa hawakuonekana kuzaliana huko na walikufa polepole. Watafiti wengine waliona hilo ni sababu ya kuwa na hadhari, kwa kuwa kitu usichoweza kukikagua huwezi kukithibitisha kuwa safi. Jambo la pili ni kwamba miti haifanani. Watafiti wa Ujerumani waliofuatia waliona kwamba kwenye msonobari na mwaloni bakteria hupungua haraka kuliko kwenye miti mingine waliyoipima, na sehemu ya sababu ni kemikali zilizomo kwenye mti wenyewe. Huwezi kuyachukua matokeo ya msonobari ukayabandika kwenye kila kipande cha ubao kilichookotwa kwa seremala. Mwaka 1992 pia ulichapishwa uchunguzi wa California kuhusu wagonjwa wa salmonela, ambamo watumiaji wa vibao vya mbao walionekana kuugua kwa nadra kuliko watumiaji wa plastiki. Uchunguzi wa namna hiyo unaonyesha mambo yanayoandamana, hauthibitishi kwamba ubao ndio uliomlinda mtu. Yote yakiwekwa pamoja, mamlaka za Marekani zenyewe zimefika mahali pa kukubali aina zote mbili: Idara ya Kilimo ya nchi hiyo inaruhusu mbao na vifaa visivyofyonza, na kanuni za mfano za migahawa zinaruhusu mbao ngumu zenye nyuzi zilizoshikamana. Naona huo ni uamuzi sahihi.

Kwa jikoni za Afrika Mashariki kuna hoja moja ambayo katika mjadala wa Marekani haina uzito. Faida kubwa ya plastiki ni kwamba inaweza kuingizwa kwenye mashine ya kuoshea vyombo, ambamo maji ya moto sana na sabuni kali hufika hadi ndani ya makovu. Nyumba nyingi za kwetu hazina mashine hiyo. Vyombo vinaoshwa kwa mkono kwenye beseni au sinki, na kwa kuosha kwa mkono plastiki iliyochakaa ndiyo iliyoshindwa kwenye vipimo vya Wisconsin. Isitoshe, kibao cha mbao kikichakaa unaweza kumpelekea fundi seremala akakipiga randa, ukapata uso mpya kwa gharama ndogo. Kwa upande mwingine, mbao ina mtego wake wa hapa hapa: vipande vinavyobaki kwenye ujenzi. Mbao za paa zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zile zenye rangi inayoelekea kijani, mara nyingi zimelowekwa kwenye mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Kipande kama hicho hakifai kukatia chakula hata kiwe kimenyooka na kusuguliwa namna gani. Mbao iliyopakwa vanishi, na ile ya unga wa mbao ulioshikanishwa kwa gundi, nazo ziachwe kwenye fanicha.

Wapo wanaoikataa plastiki kwa sababu nyingine. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba kibao cha poliethilini kinaweza kumwachia mlaji mmoja gramu 7 hadi 50 za chembe za plastiki kwa mwaka, kutegemea anavyokata. Ni kiasi cha kutia wasiwasi, lakini madhara yake kwa mwili bado hayajapimwa vya kutosha kuyaweka mbele ya hatari ya kuhara inayojulikana leo. Anayetaka kukwepa chembe hizo ana sababu nzuri ya kuchagua mbao. Asidhani kwamba kwa kuchagua mbao ameshamaliza suala la vimelea.

Sasa kuosha kwenyewe, na hapa ndipo makosa mengi hutokea kwa nia njema. Kosa la kwanza ni kukimbilia maji yanayochemka. Damu na majimaji ya nyama yamejaa protini, na protini ikikutana na maji ya moto sana huganda kama ute wa yai. Mpishi anayemwagia maji ya kuchemka ubao wenye damu anaibandika damu hiyo ndani ya makovu ya kisu. Utaratibu unaofaa ni kukwangua mabaki, kusuuza kwa maji ya baridi au vuguvugu, kisha kusugua kwa sabuni kwa kufuata makovu, si kuyakata, pande zote mbili na kingoni, halafu kusuuza kwa maji safi. Sabuni hapa inafanya kazi kubwa kuliko inavyosifiwa: inayeyusha mafuta ambayo bakteria wamejishikiza humo, wakaondoka na maji. Sabuni ya kipande, ya unga au ya maji zote zinafaa ilimradi mkono usugue. Jivu la kuni, ambalo mabibi zetu walisugulia vyombo, lina msingi wake pia, kwa kuwa ni alkali inayokata mafuta na chembe zake zinakwangua. Sharti lake ni liwe safi na lisuuzwe kabisa.

Kosa la pili ni kifaa cha kusugulia. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walichunguza sponji za jikoni zilizokuwa zikitumika majumbani, wakakuta sehemu zenye bakteria hadi bilioni 50 katika sentimita moja ya ujazo. Wengi wao hawakuwa wa kumfanya mtu augue, lakini hali inayowalea hao ndiyo hiyo hiyo inayowalea wabaya: unyevu usioisha na mabaki ya chakula. Kitambaa kinachofuta meza, kikafuta kibao, kikafuta mikono, kisha kikatundikwa kibichi nyuma ya mlango, kinarudisha kila kilichoondolewa na sabuni. Dodoki lina sifa ya kuwa na nyuzi zilizo wazi zinazopitisha hewa, hivyo likikamuliwa na kuning'inizwa juani hukauka mapema kuliko sponji nene. Lolote litakalotumika, lisuuzwe kwa sabuni baada ya kibao cha nyama na likauke kabla ya kazi inayofuata. Na ubao usikaushwe kwa kitambaa cha jana.

Baada ya kuosha ndipo dawa ina maana. Klorini, ile ya kung'arishia nguo ambayo wengi huiita Jik hata ikiwa ya kampuni nyingine, huua bakteria vizuri sana kwenye uso safi, lakini damu na mafuta hula nguvu zake kabla hazijawafikia. Kuimwaga juu ya kibao chenye majimaji ya kuku ni kupoteza dawa. Kipimo nacho kinastahili kuangaliwa kwa karibu, maana watu hukisia. Chupa nyingi za dukani zina nguvu ya asilimia 3.5 hadi 5; lebo inasema. Asilimia 3.5 ni miligramu 35 katika kila mililita. Kijiko kimoja cha chai kina mililita 5, yaani miligramu 175, na ukikitia kwenye lita moja ya maji safi ya baridi unapata miligramu 175 kwa lita, karibu kabisa na 200 zinazopendekezwa kwa vyombo vya chakula. Kwa dawa ya asilimia 5, kijiko kisijae. Ubao uliooshwa unamwagiwa mchanganyiko huo, unaachwa umelowa dakika kadhaa, unasuuzwa kwa maji safi na kuanikwa. Kuongeza vijiko hakuongezi usalama; kunaongeza harufu kwenye chakula na madhara kwenye ngozi. Mchanganyiko wa jana umeshapungua nguvu, hasa ukikaa kwenye mwanga na joto, kwa hiyo utengenezwe wa siku hiyo. Dawa yenye manukato haifai kwa vyombo vya chakula.

Mwenye hofu ya klorini anayo njia ya maji ya moto, ilimradi ajue udhaifu wake. Kanuni za migahawa Marekani hutaka chombo kizamishwe kwenye maji ya nyuzijoto 77 kwa sekunde 30. Maji ya birika yakimwagwa mara moja juu ya ubao mnene na baridi hupoa hapo hapo na kutiririka chini kabla ya kutimiza kazi hiyo. Kibao kidogo kizamishwe kwenye sufuria. Kikubwa kimwagiwe polepole mara kadhaa, kila upande. Plastiki nyembamba inaweza kujikunja na mbao iliyoungwa kwa gundi inaweza kuachia, na mkaa unaotumika kuchemsha maji hayo una bei yake. Nikipima yote, kwa nyumba ya kawaida kijiko cha klorini ni nafuu zaidi na ni cha kuaminika zaidi.

Ndimu na chumvi vinastahili jibu la heshima, kwa sababu vinatumika Pwani nzima na vinasaidia kweli, ila katika kazi tofauti na ile inayodhaniwa. Chumvi ya mawe inakwangua, ndimu inaondoa shombo la samaki, na ubao unatoka ukinukia vizuri. Lakini asidi ya ndimu au ya siki haiwaui salmonela kwa uhakika ndani ya dakika mbili tatu za kusugua. Harufu ya ubao haisemi lolote kuhusu kilichobaki kwenye makovu. Basi ndimu itumike kwa ajili ya harufu, baada ya sabuni, na isikutane kamwe na klorini: asidi ikichanganyika na dawa hiyo hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu, na jikoni nyingi ni chumba kidogo chenye dirisha moja.

Kukausha ndiko kunakopuuzwa kuliko yote, ilhali hakugharimu kitu. Mabwana afya na mabibi afya wamehimiza vichanja vya kuanikia vyombo vijijini kwa miongo mingi, na nyumba iliyo na kichanja imeshalimaliza nusu ya tatizo la usiku. Kasoro ni kwamba kwenye kichanja hupandishwa sahani, sufuria na vikombe, huku kibao kikiachwa chini kimeegemea ukuta au kimelazwa juu ya ndoo. Kibao kinahitaji kusimama wima, hewa ipite pande zote mbili, na jua likipatikana ni bora zaidi. Kwenye nyumba ya ghorofani isiyo na uwanja, kitundikwe kwa msumari. Hapa pawepo hadhari moja ya kisayansi: ukavu humwua kampilobakta haraka, lakini salmonela huweza kustahimili ukavu kwa muda mrefu. Ukavu unamzuia asizaliane, haumwondoi. Kwa sababu hiyo kuanika hakuchukui nafasi ya kuosha, na atakayeanika ubao mchafu juani ameukausha uchafu tu.

Hayo yote yanafanyika baada ya madhara kuwa tayari yamekaribia. Mpangilio wa kazi unazuia mapema. Mwaka 2019 Idara ya Kilimo ya Marekani ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu waliowekwa kwenye jiko la majaribio wapike kuku na kutengeneza saladi. Kati ya waliomwosha kuku kwanza, asilimia 26 walihamishia bakteria kwenye majani ya saladi. Hilo lilitarajiwa, kwa sababu maji yanarusha matone. La kushangaza ni wale ambao hawakumwosha: asilimia 31 nao walihamisha. Kumwosha kuku au kutomwosha siko kulikoamua; mikono, kisu, sinki na mpangilio wa kazi vilitosha kuharibu saladi katika makundi yote mawili. Ushauri uliotolewa baada ya hapo ulikuwa mwepesi mno kiasi kwamba ni rahisi kuupuuza: tengeneza vinavyoliwa vibichi kabla ya kugusa nyama. Ikiwa kachumbari imeshakatwa, imefunikwa na kuwekwa mbali wakati kuku anatolewa kwenye mfuko, kuku huyo hana namna ya kuichafua kupitia kibao, kiwe cha mninga au cha plastiki, na hata baadaye kikioshwa vizuri au vibaya.

Mpishi mzoefu atapinga, na pingamizi lake lina maana. Kuku, hasa wa kienyeji, anachukua muda mrefu motoni, kwa hiyo anaanza. Kachumbari ikikatwa mapema inatoa maji na kulegea. Lakini kinachoitoa maji ni chumvi. Nyanya na vitunguu vilivyokatwa na kufunikwa bila chumvi wala ndimu vinakaa vizuri mpaka wakati wa kupakua, ndipo vikolezwe. Dakika 10 za kukata mboga kabla ya kuku hazicheleweshi mlo. Mboga zitakazopikwa, kama mchicha au kabichi, zinaweza kufuata wakati wowote kwa kuwa nazo zitapita motoni.

Pingamizi jingine ni umaskini wa vifaa na maji. Hoteli kubwa zina vibao vya rangi, chekundu kwa nyama mbichi, cha kijani kwa saladi, na kila kimoja na kisu chake. Nyumba ina kibao kimoja, pengine haina hata hicho. Mpangilio wa kazi ndio hasa unaomfaa mwenye kibao kimoja, kwa sababu unatenganisha kwa saa kile ambacho mwenzake anatenganisha kwa rangi. Anayekatia vitunguu mkononi, kama wafanyavyo wengi, yuko salama ilimradi mikono na kisu vimeoshwa kwa sabuni. Kugeuza ubao na kutumia upande wa pili hakuaminiki, kwa kuwa majimaji hutiririka ukingoni mpaka mezani na kuulowesha upande wa chini. Kuhusu maji, lita 3 hivi zinatosha: moja ya kusugulia, moja ya kusuuzia, moja ya dawa. Penye uhaba, cha muhimu ni zamu ndani ya beseni, glasi na vikombe vianze, sahani zifuate, kibao cha nyama kiwe cha mwisho na maji yake yamwagwe.

Na wapo watakaosema wamekula hivi miaka yote na hawajaugua. Kauli hiyo inasahau namna maradhi haya yanavyojitokeza. Kampilobakta huchukua kwa kawaida siku 2 hadi 5 kabla tumbo halijaanza kusokota. Salmonela huchukua saa 6 hadi siku 3. Mtoto anayeharisha Jumatano hahusishwi na kachumbari ya Jumapili. Lawama huangukia alichokula mchana huo, au huitwa tumbo la kawaida. Mtu mzima hupona kwa siku chache na kusahau, lakini mtoto mchanga anayeonjeshwa chakula kwa mara ya kwanza, mjamzito, mzee, na mtu ambaye kinga yake imeshuka hawana akiba hiyo ya nguvu.

Nje ya nyumba, sehemu inayohitaji macho zaidi ni ubao wa nyama choma. Kwenye sehemu za kuchomea nyama, kuanzia Kenyatta Market ya Nairobi hadi baa za Dar es Salaam, nyama iliyoiva huletwa mezani juu ya ubao, hukatwa mbele ya mteja, na kando yake huwekwa rundo la chumvi na kachumbari. Ubao huo umejaa makovu ya panga, na baada ya wateja kuondoka mara nyingi hufutwa tu na kupelekwa meza nyingine. Nyama imepita motoni na haina tatizo. Tatizo ni ubao na kisu, hasa mkono unaokata nyama iliyoiva ukiwa ndio uliokata mbichi kwa mteja anayefuata. Mwenye biashara ya namna hii hahitaji mashine wala vigae vipya. Anahitaji mbao nyingi za kutosha ili zilizotumika ziende kuoshwa na kukauka wakati nyingine zikihudumia, na kisu cha nyama mbichi kisichovuka kaunta.

Gogo la bucha ni habari nyingine. Bodi ya Nyama Tanzania imekuwa ikiwataka wenye mabucha waachane na magogo na mashoka, watumie misumeno ya umeme, na naiunga mkono: gogo lililolegea juu halisuguliki, halikauki na haliwezi kupinduliwa, na kulikwangua kwa panga na kulinyunyizia chumvi jioni hupunguza tu uchafu wa siku. Ila mnunuzi asidhani kwamba msumeno wa bucha umemfanyia kazi ya nyumbani. Nyama iliyokatwa kwa msumeno safi nayo ni mbichi, na ikifika jikoni inaanza safari ile ile.

Kilichobaki ni kujua wakati wa kuachana na kibao. Pitisha ukucha juu yake kikiwa kikavu. Kama cha mbao kina makovu yanayoushika ukucha, kipigwe randa na kupakwa mafuta kidogo ya nazi. Kama kimepasuka, au mstari mweusi wa ukungu umeingia ndani ya ufa, kigeuzwe kuni. Kibao cha plastiki kinachoshika ukucha hakipigwi randa, na kwa kuosha kwa mkono hakisafishiki tena. Kiondolewe jikoni.